Kisima Kitupu Kwanza: Unyeti wa Vipimo vya Protini katika Maabara za Nyanda za Juu Kusini

Kipimo kinaposhindwa kuona protini iliyo kidogo sana ndani ya sampuli, ombi la kwanza linaloandikwa katika maabara nyingi ni la mashine mpya, na la pili ni la kitendanishi chenye nguvu zaidi. Nimefanya kazi ya maabara hapa Mbeya kwa muda wa kutosha kuyaona maombi hayo yakiandikwa, yakikataliwa, yakiandikwa upya na mara chache yakikubaliwa. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya unyeti tunaoutafuta imelala mahali tusipozoea kupatazama, yaani katika kile kisima (kishimo kidogo cha sahani ya plastiki ya maabara) ambacho hatukutia sampuli ya mgonjwa yeyote.

Sababu yake ni ya kihesabu kabla haijawa ya kikemia. Kiwango cha chini kabisa ambacho kipimo kinaweza kukitambua hakitokani na ukali wa rangi inayoonekana protini inapokuwa nyingi, bali hupatikana kwa kulinganisha na sampuli tupu. Desturi ya wanakemia ni kuchukua wastani wa namba za sampuli tupu, kuongeza mikengeuko sanifu mitatu (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka wastani), na kukubali kwamba chochote kilicho chini ya hapo hakitofautiani na kutokuwepo kabisa kwa protini. Tuchukue mfano wa kubuni, ambapo kila nanogramu 1 ya protini kwa mililita huongeza ufyonzaji wa mwanga kwa 0.10, na visima vitupu vina mkengeuko sanifu wa 0.02. Mikengeuko mitatu ni 0.06, kwa hiyo protini itaanza kutambulika kwenye nanogramu 0.6. Ukinunua kitendanishi kinachokuza kila kitu mara mbili, ishara itapanda hadi 0.20 kwa nanogramu, lakini mkengeuko nao utapanda hadi 0.04, na ukigawanya utajikuta palepale kwenye 0.6. Ukibaki na kitendanishi kilekile, ukaosha vizuri zaidi hadi mkengeuko ukashuka kuwa 0.005, utafika nanogramu 0.15 bila kununua chochote. Anayetaka kumsikia mtu anayenong'ona katikati ya soko la Mwanjelwa hasaidiwi na chombo kinachokuza sauti zote za soko kwa pamoja.

Hesabu hiyo ni fupi mno, na huenda ndiyo maana haipewi heshima yake. Katika ripoti nyingi ninazosoma, picha inayowekwa mbele ni ya kisima chenye rangi kali kuliko vyote, ilhali namba za visima vitupu zimetajwa kwa mstari mmoja au hazikutajwa kabisa.

Kipimo cha protini kinachotumika zaidi katika mikoa yetu, kuanzia zahanati za Rungwe hadi kliniki za wajawazito mjini Iringa, si cha mashine kubwa bali ni stripu ya mkojo. Kile kipande cha manjano kilichobandikwa juu yake kina kiashiria cha asidi, ambacho mara nyingi ni tetrabromofenoli bluu, pamoja na bafa inayoshikilia pH karibu na 3. Kwa hali ya kawaida kiashiria hicho hakipaswi kubadilika rangi mradi pH haijabadilika, lakini albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika plazma ya damu, inapokishika hukilazimisha kugeuka kijani na hatimaye bluu, kana kwamba asidi imepungua. Mkemia wa Denmark, Sørensen, ambaye mwaka 1909 alianzisha kipimo cha pH, ndiye aliyeonyesha kwamba protini hupotosha viashiria kwa namna hii; kilichokuwa kero kwake kikawa baadaye msingi wa kipimo kinachotumika dunia nzima.

Udhaifu wa stripu unatokana moja kwa moja na ujanja huo. Mkojo wenye alkali kali, wa pH inayozidi 8, huishinda bafa na kuleta rangi ya kijani pasipo protini yoyote. Mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi huificha protini iliyopo. Protini zisizo albumini, kama zile nyepesi zinazomwagwa na saratani ya seli za plazma, hupita bila kugusa kiashiria. Zaidi ya hayo, stripu huanza kuona karibu miligramu 150 hadi 300 za albumini kwa lita, wakati mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zimeanza kuathirika hupoteza miligramu 30 hadi 300 kwa saa 24, kiasi ambacho katika mkojo wa kawaida wa kutwa nzima mara nyingi hubaki chini ya uwezo wa stripu. Hapo ndipo kipimo cha albumini kinachotumia kingamwili, yaani protini ya kinga inayoshika kitu kimoja mahususi, kinapohitajika, na hata hicho hupata maana kamili kinapogawanywa kwa kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, ya mkojo huohuo, ili wingi wa maji aliyokunywa mgonjwa usiamue jibu. Uwiano wa miligramu 3 za albumini kwa milimoli 1 ya kreatinini ndio mpaka unaotumiwa na wengi. Ni vyema kutambua kwamba kugawanya kwa kreatinini hakuongezi ishara hata kidogo, kwani kazi yake ni kuondoa mtikisiko ambao hauhusiani na figo.

Kuhusu usomaji wa stripu nitasema machache. Chupa iliyoachwa wazi msimu wa masika huingiza unyevu na kuharibu vipande kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi kufika. Stripu iliyosomwa baada ya dakika tatu badala ya muda ulioandikwa kwenye chupa huonekana nyeusi kuliko inavyostahili. Na mkunga anayelinganisha rangi karibu na dirisha asubuhi ambayo ukungu umefunika mlima Loleza haoni kile ambacho mwenzake ataona saa sita mchana. Kwa mama mjamzito mwenye shinikizo la damu, tofauti kati ya dalili hafifu na alama moja ya kujumlisha inaweza kuamua kama atalazwa au atarudishwa nyumbani, kwa hiyo taa moja nzuri juu ya meza ya mkunga ni kifaa cha kuongeza unyeti kama kilivyo kifaa kingine chochote.

Ndani ya maabara za utafiti, njia iliyozoeleka ya kupima jumla ya protini ni ile iliyochapishwa na Marion Bradford mwaka 1976. Rangi ya Coomassie, ambayo katika asidi ina wekundu wa kahawia, hugeuka bluu ikishikamana na protini, na mashine husoma mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 595. Ni njia ya haraka na rahisi, ila huvurugwa na sabuni za kimaabara, na mstari wake hupinda kwa sababu rangi iliyo huru hupungua kadiri protini inavyoongezeka. Mwaka 1996, Zor na Selinger walionyesha jambo ambalo mpaka leo nashangaa halijaenea inavyostahili. Ukisoma sampuli hiyohiyo kwenye 590 na tena kwenye 450, kisha ukagawanya namba ya kwanza kwa ya pili, mstari unanyooka na kiasi kinachotambulika kinashuka sana. Namba ya 450 inapima rangi ambayo haijashika protini, kwa hiyo kugawanya kunafuta makosa madogo ya kiasi cha rangi kilichowekwa katika kila kisima. Hapahitajiki kitendanishi kipya, bali kusoma mara mbili tu, na mashine ya kawaida ya kusoma sahani inaweza kazi hiyo iwapo ina vichujio viwili vinavyokaribiana na namba hizo.

Kwenye jeli, ambamo protini hutenganishwa kwa umeme kufuatana na ukubwa wake, mambo huonekana kwa macho. Coomassie ya kawaida huonyesha mstari wa protini wenye takriban nanogramu 100, Coomassie ya koloidi huteremka hadi karibu 10, na rangi ya fedha, iliyoanza kutumika mwaka 1979, hufika nanogramu 1 au chini yake. Ila anayehamia kwenye fedha akiwa na maji yaleyale na vyombo vilevile atapata jeli ya kahawia yote, pamoja na mistari ya keratini ya ngozi ya vidole vyake mwenyewe. Fedha huona kila kitu. Mafanikio yake yamo katika maji yaliyokenekwa na kuondolewa ayoni, katika glavu zilizosuuzwa unga, katika kuosha asidi yote ya kugandishia, na katika kuichovya jeli kwa muda mfupi kwenye thiosulfeti ya sodiamu, ambayo pamoja na kusaidia rangi kushika huondoa fedha iliyotawanyika mahali pasipo na protini.

Nyanda za juu zina kipengele chao hapa. Miongozo mingi inaagiza sampuli ichemshwe kwa nyuzi 95 kwa dakika 5 kabla ya kuwekwa kwenye jeli. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanayochemka ndani ya chombo kilicho wazi hayavuki nyuzi 94 au karibu na hapo, hata uongeze moto kiasi gani. Kwa protini nyingi tofauti hiyo haina madhara, kwa kuwa sabuni ya SDS ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuzikunjua, lakini kwa protini ngumu zinazopenda kushikamana nashauri kutumia kikanza cha chuma kikavu, chenye kifuniko kinachobana vichupa visifunguke, badala ya sufuria ya maji. Protini ambayo haikukunjuka hubaki juu ya jeli, na mtu huandika kwamba haikuwepo.

Mahali nitakapokaa zaidi ni kwenye sahani ya visima 96, kwa sababu ndiko protini nyingi za kitabibu zinakopimwa. Kipimo cha kingamwili chenye kimeng'enya kilizaliwa mwaka 1971, Engvall na Perlmann wakiwa Stockholm, na van Weemen na Schuurs wakifikia wazo hilohilo huko Uholanzi. Kingamwili ya kwanza hubandikwa kwenye plastiki, ikakamata protini inayotafutwa. Kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya huikalia protini hiyo. Kimeng'enya hugeuza kitendanishi kuwa rangi. Uzuri wake ni kwamba kimeng'enya kimoja hutengeneza molekuli nyingi sana za rangi. Ubaya wake ni uleule, kwani kimeng'enya kilichobaki kwa bahati mbaya kwenye plastiki nacho hutengeneza rangi kwa bidii ileile, bila kujua kwamba hakina protini chini yake.

Kwa hiyo hatua ya kuziba nafasi zilizobaki wazi kwenye plastiki si ya kuharakishwa. Wengi wetu hutumia maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa sababu ni ya bei nafuu, na yanafanya kazi vizuri, ila maziwa mengi yaliyo madukani yana mafuta, na mafuta hayo huacha utando unaoharibu usomaji. Maziwa pia yana biotini, kwa hiyo hayafai kutangulia mfumo wowote unaotegemea avidini au streptavidini, protini zinazoshika biotini kwa nguvu. Na kwa kuwa kaseini ya maziwa imebeba fosfeti, anayetafuta protini zenye fosfeti kwa kutumia kingamwili ya fosfeti hujiletea kelele, yaani ishara isiyotokana na protini anayoitafuta, kwa mkono wake. Hapo albumini ya ng'ombe inastahili gharama yake. Tena bafa iliyohifadhiwa kwa azidi ya sodiamu isikaribie kimeng'enya cha peroksidesi, kwa sababu azidi hukizima, na maabara inaweza kuhangaika kutafuta kingamwili bora ilhali kosa limo kwenye chupa ya bafa.

Kuosha ndiko kunakotenganisha mikono. Bafa yenye sabuni laini iitwayo Tween 20 kwa asilimia 0.05 ijazwe hadi ukingoni mwa kisima, iachwe kwa nusu dakika ili kilichoshikamana kwa ulegevu kiachie, imwagwe kwa mkupuo mmoja, kisha sahani ipigwe juu ya karatasi ya kufyonza mpaka karatasi ibaki kavu. Tone dogo linalobaki pembeni mwa kisima hubeba kimeng'enya cha kutosha kuinua namba ya kisima kitupu, na kwa kuwa matone hayabaki sawa katika visima vyote, kinachopanda zaidi si wastani bali mkengeuko, ambao ndio adui yetu katika ile hesabu ya mwanzo. Mashine ya kuoshea yenye sindano moja iliyoziba ni mbaya kuliko mkono wenye subira.

Linafuata suala la joto. Vijitabu vya vitendanishi husema sahani iachwe kwenye joto la chumba, na mwandishi wake alikuwa na chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya hewa ya nje hushuka chini ya nyuzi 10, na chumba kisicho na kipasha joto hakiko mbali sana na hapo saa moja na nusu asubuhi. Kingamwili hushikana polepole zaidi, kimeng'enya hufanya kazi kwa uvivu, na sahani iliyotolewa kwenye friji kisha ikatumika papo hapo hupata joto kuanzia visima vya pembezoni, hivyo safu za nje zinasoma tofauti na za katikati. Kuzitoa sahani na vitendanishi mapema hadi vilingane na chumba, kuifunika sahani, na kuiweka kwenye kabati la joto la nyuzi 37 au 25 badala ya kuiacha mezani kunaondoa tofauti hizo. Kusoma kwenye nanomita 450 huku ukitoa namba ya rejea kati ya 620 na 650 huondoa pia madoa ya vidole na mikwaruzo iliyo chini ya sahani.

Kipimo cha kuamua kiasi cha kingamwili nacho hufanywa kwa macho yasiyo sahihi. Mtaalamu huipunguza kingamwili ya pili kwa hatua, tuseme kuanzia 1 kwa 1,000 hadi 1 kwa 16,000, akichanganya kila kiwango na viwango vya kingamwili ya kwanza, kisha huchagua mahali penye rangi kali zaidi. Anapaswa kuchagua mahali ambapo sampuli yenye protini kidogo imegawanyika vizuri zaidi na ile tupu, na kwa kawaida mahali hapo pako upande wa kingamwili iliyozimuliwa zaidi. Kwa maabara inayosubiri mzigo wa vitendanishi kwa miezi, kwamba chupa hiyo sasa itadumu zaidi si faida ndogo.

Kabla ya sahani kuna sampuli yenyewe. Plazma, sehemu ya majimaji ya damu, ina albumini gramu 35 hadi 50 kwa lita, wakati baadhi ya protini za ishara za kinga humo humo hupimwa kwa pikogramu kwa mililita, tofauti inayofika mara bilioni kumi. Protini iliyo chache namna hiyo hupotea kwa njia ambazo iliyo nyingi haizihisi. Hunata kwenye kuta za kichupa cha plastiki, ndiyo maana viwango rejea, yaani sampuli ambazo kiasi chake cha protini kinajulikana, huchanganywa kwenye bafa yenye albumini kidogo badala ya bafa tupu. Huvunjika kila mara sampuli inapoganda na kuyeyuka, na katika mji ambao umeme hukatika, kugawa plazma katika vichupa vidogo tangu siku ya kwanza ni kinga bora kuliko kutegemea jenereta. Mara nyingine protini ipo lakini imefichwa, kama antijeni p24 ya virusi vya UKIMWI, ambayo hufungwa na kingamwili za mgonjwa mwenyewe na haionekani mpaka vifungo hivyo viachanishwe kwa asidi au joto. Na mara nyingine kuizimua sampuli mara nne huongeza kiasi kinachopatikana baada ya kuzidisha, jambo linaloonyesha kwamba kulikuwa na kitu ndani ya plazma kilichokuwa kikizuia.

Sisemi kwamba kukuza ishara hakuna thamani. Yalow na Berson walitumia iodini yenye mnururisho kupima insulini mwishoni mwa miaka ya 1950, na Yalow akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, miaka mitano baada ya mwenzake kufariki. Mwaka 1992 Sano, Smith na Cantor waliunganisha kingamwili na kipande cha DNA kinachozidishwa kwa PCR. Mwaka 2010 kundi la David Walt nchini Marekani lilionyesha namna ya kuhesabu molekuli za protini moja moja, kwa kufungia shanga ndogo kwenye visima vyenye ujazo wa makumi ya femtolita. Lakini hata katika kazi hiyo ya mwisho, kwa kuwa mashine yao iliweza kuona kimeng'enya kimoja, waliweza kupunguza kiasi cha kingamwili na kimeng'enya walichoweka, na hivyo kupunguza kile kinachonata ovyo. Kizuizi kilichobaki kilikuwa kelele ya sampuli tupu.

Kwa sababu hiyo, sampuli tupu inastahili kuchaguliwa kwa makini, na hapa ndipo ninapotofautiana na vijitabu. Mpaka wa kipimo kilichotengenezwa Ulaya kwa kawaida umewekwa kwa damu za wachangiaji wa huko. Plazma ya mtu aliyekulia Kyela, ambako malaria ni ya kila mwaka, imejaa kingamwili za maambukizi ambayo mchangiaji wa huko Ulaya hakuwahi kuyapata, na baadhi yake hushika vipande vya kipimo bila kuhusika na protini inayotafutwa. Wakati wa UVIKO-19 sampuli za damu za Afrika zilizohifadhiwa kabla ya janga zilionyesha wazi tatizo hilo katika vipimo kadhaa vya kingamwili. Ukitumia bafa kama sampuli tupu hutaiona kelele hiyo kamwe, nawe utaripoti unyeti mzuri wa karatasi.

Tunachofanya sasa ni kuchanganya plazma ya watu wenye afya wa mikoa hii walioridhia kwa maandishi, kuigawa kwenye vichupa, kuihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na kuiweka katika visima vinane vilivyotawanywa kwenye kila sahani, pembezoni na katikati. Wastani na mkengeuko wake huandikwa kwenye chati iliyobandikwa ukutani, na sahani ambayo mkengeuko wake umevuka mpaka tuliouweka hairipotiwi hata kama viwango rejea vimenyooka kama rula. Mchanganyiko wa kwanza unakaribia kuisha, na wa pili lazima upimwe sambamba nao kwenye sahani zilezile kabla haujachukua nafasi yake, kwani tukibadilisha ghafla hatutajua kama kilichobadilika ni kipimo au ni damu.